Unga Chini ya Maghala ya Salesio

Ghala lililojengwa na Salesio Ndambiri lilijulikana kwa miguu yake. Kila mguu ulivishwa kofia ya bati iliyokatwa kutoka debe la mafuta ya kupikia, ikapinduliwa mdomo chini. Panya aliyepanda kutoka ardhini alifika chini ya kofia ile, akakosa pa kushika, akaanguka. Kuanzia Karurumo kuteremka hadi mashamba ya chini yanayopakana na Mbeere, maghala yenye kofia yalikuwa mengi kuliko yasiyokuwa nazo, na watu walisema kwamba Salesio amewafuta paka kazi.

Alijifunza useremala akiwa kijana, miaka michache baada ya uhuru, na tangu hapo alishika kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa upepo. Kuta za ghala alizifuma kwa fito za mti wa mukinduri zilizoachana kidogo, ili mahindi yapate hewa na kukauka hadi yalie kama kokoto. Fukusi, yule mdudu wa mahindi ambaye kila mkulima alimjua, hupenda punje yenye unyevu. Katika ghala la Salesio fukusi aliteseka.

Kanuni ya pili ilikuwa mti mzee.

"Mti mbichi bado haujaamua," aliwaambia waliotaka nguzo mpya. "Leo umenyooka, kesho umegeuka kando kama mtu aliyeitwa jina. Nipe mti uliokauka, uliokwisha kubeba mahindi ya watu. Huo una akili."

Kwa hiyo kila alipobomoa ghala lililochoka, alichagua nguzo zilizokuwa bado imara na kuzipeleka kwenye ghala jipya. Katika maboma aliyoyahudumia jambo hili lilikua, likawa zaidi ya useremala. Mama aliyekuwa na binti wa kuolewa alimwomba fundi amhifadhie nguzo moja kutoka ghala lake, ili ghala la binti lisije likajua njaa. Ednah, mke wa Salesio, alimcheka kwa ajili hiyo.

"Baba Cicily, wewe umeoza nguzo nyingi kuliko mabinti."

"Nguzo hazirudi nyumbani kulia," Salesio alimjibu.

Kisha ukaja ukame uliofuata mvua za El Niño. Misimu ilipita bila mavuno, na watu wakala mahindi yaliyoletwa na malori, mengine ya msaada, mengine ya kununua sokoni. Magunia hayo yalitoka mbali, na hakuna aliyeuliza ni wapi. Yalipofika yaliwekwa ndani ya maghala yenye kofia, kwa kuwa panya hajali mahindi yametoka nchi gani. Salesio mwenyewe aliyaweka yake katika ghala la marehemu mama yake, lililosimama nyuma ya nyumba.

Mvua iliporudi, mtu wa kwanza kumwita fundi alikuwa binti yake. Cicily alikuwa ameolewa Meru ya chini, karibu na Mitunguu, na Murithi, kijana aliyepakua mizigo sokoni mjini Meru na kurudi kwake Jumamosi. Walikuwa na watoto watatu. Wakati wa ukame watoto hao walizoea kunywa uji mwepesi na kulala mapema ili wasiulize maswali. Sasa shamba lilikuwa limezaa, na Cicily akatuma ujumbe kwa baba yake: "Nijengee ghala. Mahindi haya ndiyo ya kutufikisha msimu ujao, na mbegu imo humo humo. Sina mengine."

Salesio hakufikiri mara mbili. Alibomoa ghala la mama yake, akatoa nguzo za mti wa muringa zilizokuwa zimesimama tangu yeye mwenyewe hajaoa, akazipakia kwenye pikapu ya kukodi. Alipofika, Karwirwa, mama yake Murithi, alikuwa amesimama uani mikono kiunoni.

"Muthoni," alimwita, kwa neno ambalo wakwe huitana huko, "tumesubiri ghala, wewe unatuletea kuni?"

"Hizi si kuni. Huyu ni mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa amekonda sana."

Wote walicheka, na Salesio akacheka kuliko wengine. Alipokuwa akichimba mashimo ya nguzo, Cicily alipitisha kidole juu ya mti na kuuliza vitundu vile vidogo vimetoka wapi.

"Uzee huo, mama. Hata mimi nina vyangu."

Alijenga kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote. Kofia za bati alizing'arisha kwa mchanga. Cicily alipanga mahindi ndani yakiwa na maganda yake, safu juu ya safu, hadi mlango ukakataa kufungwa, na Salesio akausukuma kwa bega huku watoto wakimshangilia. Akarudi Karurumo akiwa mtu aliyemaliza kazi yake ya ubaba.

Hakukaa sana kabla ya mzee Ngari, jirani na mteja wake wa siku nyingi, kuja kumwita akiwa amekunja uso.

"Fundi, ni nani anasaga unga ndani ya ghala langu?"

Chini ya ghala la Ngari palikuwa na unga mweupe, mwingi, umetandazwa kama watu wamepepeta hapo. Salesio aliweka sikio kwenye ukuta wa fito, akasikia mlio mdogo usiokatika, kama mtu anayetafuna mchanga. Alichukua muhindi mmoja na kushtuka kwa wepesi wake. Alipoubana ulivunjika, na ndani yake wakamwagika wadudu wa rangi ya kahawia iliyokoza, wafupi kuliko punje ya mchele, wamekatika nyuma kama kijiti kilichokatwa kwa kisu. Kichwa kilikuwa kimejificha chini ya mabega, hata ungedhani hawana kichwa.

Jina la kitaalamu kwa Kiswahili ni dumuzi, lakini pale Karurumo walimwita Osama, kwa sababu mwaka ule redio haikuwa na jina jingine la kutisha. Alikuwa na tabia iliyowachanganya watu. Ghala la Ngari liliangamia, huku la jirani yake, hatua chache tu kutoka hapo, likiwa salama. Minong'ono ya uchawi ikaanza. Mwenye ghala salama alilazimika kwenda kanisani mapema zaidi kuliko kawaida yake, ili aonekane.

Hatimaye chifu aliitisha baraza, na ofisi ya kilimo ikamtuma afisa mmoja, Bi Kiende, mzaliwa wa Kaaga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufundishia. Alisimama mbele ya watu na chupa yenye wadudu.

"Huyu si mchawi na hakutumwa na mtu," alisema. "Kwao ni ng'ambo, nchi za Amerika ya kati. Huko yuko mdudu mwingine anayemwinda na kumla. Aliposafiri ndani ya magunia hakusafiri na adui yake. Hapa kwetu hakuna anayemjua, kwa hiyo hakuna anayemla."

"Na mbona anachagua boma?" Ngari aliuliza.

"Dume ndiye hutangulia. Akipata chakula kizuri hutoa harufu, na harufu hiyo huwaita wenzake kutoka mbali, wake kwa waume. Ni kama mtu aliyepata sherehe akapiga simu. Wanakuja wote pale pale. Ghala la jirani litapata zamu yake."

Watu walicheka, lakini si sana. Kiende aliendelea kueleza, na kila alichosema kilimgusa Salesio kama kidole kifuani. Fukusi wa zamani hushindwa na mahindi makavu mno, dumuzi hashindwi. Mwili wake hustahimili ukavu, hivyo mahindi yanayolia kama kokoto kwake ni mkate. Tena muhindi uliowekwa na gunzi na maganda yake humsaidia, kwa sababu punje imeshikiliwa haitikisiki, naye hupata pa kuegemea anapotoboa. Punje iliyopukuchuliwa humteleza. Ghala lenye upepo mzuri, mahindi yaliyokauka vizuri, yaliyopangwa yakiwa mazima: hiyo ndiyo nyumba anayoipenda.

"Na mahindi yakiisha?" mtu mmoja aliuliza. "Si atakufa njaa?"

"Hapo ndipo anapotushinda. Anaingia kwenye mti mkavu. Huko kwao aliishi msituni kabla hajajua mahindi. Anatoboa nguzo, anatoboa fito, anasubiri. Mkileta mavuno mapya anatoka. Kwa hiyo pukuchueni, tieni dawa ya unga, wekeni kwenye magunia safi. Na miti ya maghala yaliyoingiliwa, chomeni."

Salesio alisimama. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa na mazoea ya kubishana hadharani.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mdudu wa mahindi na mti, wapi na wapi? Miti hii nimeishika maisha yangu yote. Mchwa namjua, na huyu si mchwa. Usiwaambie watu wachome mali yao."

"Sisemi kwa kukutusi, mzee."

"Basi tuangalie. Nyumbani kwangu ipo nguzo iliyobaki kutoka ghala la mama yangu. Hiyo ndiyo nguzo safi kuliko zote hapa. Ukimkuta humo, nitakubali."

Boma lake halikuwa mbali, na baraza zima lilihamia huko kama arusi. Salesio mwenyewe ndiye aliyeitoa nguzo, akailaza chini, akashika shoka. Hakutaka mtu mwingine aipasue, wasije wakasema imechezewa. Nguzo iliyosimama miaka yote ile ilipasuka kwa pigo moja, kwa sauti nyepesi, kama boga lililokauka. Ndani palikuwa na vijia, kimoja juu ya kingine, vimejaa unga wa mti, na katika unga huo wadudu walikuwa wakitembea.

Kisha kijana mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Kumbe Osama ana fundi wake!" na kicheko kikalipuka.

Ednah alimwona mumewe akihesabu kwa vidole vyake, midomo ikitembea. Alidhani anahesabu maghala aliyoyajenga. Alikuwa akitaja jina moja tu.

"Mama Cicily," alisema, "nilimpelekea mtoto wetu nguzo hizi."

Asubuhi iliyofuata alikuwa njiani kwenda Meru. Tumaini lake, kama alivyomwambia Ednah baadaye, ilikuwa kukuta mahindi yakiwa mazima. Alijiambia kwamba kule ni mbali, kwamba labda nguzo zile hazikuwa kama hii. Alipoingia uani alitazama kwanza chini ya ghala. Palikuwa pamefagiwa.

"Unafagia hapa kila siku?" alimuuliza binti yake kabla hata ya salamu.

"Ndiyo, baba. Kuna vumbi la ajabu. Nimedhani ni maganda yanasagika."

"Vumbi hilo unalipeleka wapi?"

"Kuku wanakula."

Salesio alifungua mlango wa ghala. Safu ya juu ilikuwa nzuri kwa macho, maganda yakiwa yamefunga vizuri kama siku aliyoondoka. Alivuta muhindi mmoja kutoka katikati. Ulikuja mkononi bila uzito. Akavuta mwingine, na mwingine, akiitupa nyuma yake, hadi Cicily akamshika mkono.

"Baba, acha. Niambie."

Akamwambia. Alimwambia kuhusu mdudu, kuhusu nguzo, kuhusu shoka na baraza. Hakuacha kitu. Karwirwa alikuwa amesogea na kusikiliza yote, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Watu huleta ng'ombe kwa wakwe," alisema. "Wewe umeleta mdudu. Na ulimwita mama yako."

"Nyamaza, mama," Cicily alisema, lakini hakumtazama baba yake.

Kutwa nzima walitoa mahindi na kuyapukuchua kwa mikono kwenye turubai, hata watoto, hata Karwirwa. Punje nzima ziliwekwa huku, zilizotobolewa kule, na unga ukawa rundo la tatu. Rundo la unga ndilo lililokua haraka. Murithi aliporudi Jumamosi alikuta magunia mazima yamesimama ukutani, machache kiasi kwamba hakuuliza. Alivua koti akaanza kuchanganya dawa.

Bado ilibaki mbegu. Cicily alikuwa amechagua mihindi mikubwa kuliko yote na kuifunga kwa maganda yake kwenye boriti ya ghala, juu, mahali salama. Boriti hiyo nayo ilikuwa ya muringa. Aliishusha mihindi yote na kuikung'uta mmoja mmoja, na kila mmoja ukatoa moshi mweupe.

"Sasa tutapanda nini?" alisema. Hakuwa akimuuliza mtu.

Ghala lilichomwa Jumamosi hiyo hiyo. Salesio aliomba aliwashe yeye, Cicily akakataa. "Ulilijenga, baba. Inatosha." Aliwasha mwenyewe kwa magunzi yaliyotobolewa, na miti mikavu ikashika moto mara moja. Kofia za bati zilianguka moja moja, zikikunjamana.

Salesio alirudi Karurumo na kuanza kazi ambayo hakuna aliyempa. Alikwenda boma baada ya boma, kila mahali alipowahi kusimamisha nguzo, akawaomba watu wachome maghala aliyowajengea. Alianza kwa Ngari, akidhani huko itakuwa rahisi.

"Nilichome?" Ngari alisema. "Mahindi yameliwa, sawa. Ghala bado limesimama. Nikilichoma, ni nani atanijengea jingine?"

"Usijenge jingine. Weka magunia ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba, nilale na panya? Salesio, ni wewe uliyenifundisha kwamba ghala ni heshima ya boma."

"Nilikufundisha vibaya."

"Miaka yote hiyo ulinifundisha vibaya, leo ndiyo unanifundisha vizuri? Nitajuaje?"

Wengine hawakumjibu kwa upole hivyo. Mmoja alisema fundi amekosa kazi, sasa anataka watu wabomoe ili wamwite tena. Mama mmoja alikumbatia nguzo ya ghala lake, iliyotoka kwa mama yake, na kumwambia kwamba akiigusa atampigia kelele. Vijana wa sokoni walipomwona akipita walipiga mluzi na kuita, "Osama! Leo unatoboa wapi?" Wachache walichoma. Wengi walinunua dawa, wakainyunyiza juu ya mahindi mapya, wakaziacha nguzo zilivyo, na msimu uliofuata unga ukarudi chini ya maghala yale yale. Naye dumuzi aliyetoka katika nguzo zile aliwaita wenzake, wakafika hata kwa wale wachache waliochoma.

Kwa Cicily magunia yaliisha kabla ya mahindi mapya kuchanua. Murithi aliacha kurudi kila Jumamosi, kwa sababu nauli ilihitajika kwa unga. Cicily alienda kulima mashamba ya watu, na mtoto mkubwa akabaki nyumbani kuwatunza wadogo, akapoteza mwaka wa shule. Mwaka huo haukurudishwa. Msichana huyo alipokwenda shule tena alikaa na watoto wadogo kuliko yeye, akaona haya, akaacha kabisa kabla ya kumaliza darasa la nane. Cicily hakuwahi kumtamkia baba yake neno kuhusu hilo. Alimwambia Ednah, na Ednah akamwambia mumewe, kwa kuwa aliona si haki abaki bila kujua.

Salesio aliacha kujenga. Alitengeneza viti na milango kwa mbao mpya kutoka kiwandani, kazi ambayo zamani aliidharau, na wateja wake walikuwa watu waliohamia, wasiomjua. Miguu yake ilipoanza kumsumbua alijichongea fimbo kutoka tawi la muringa, akaikausha juani hadi ikawa nyepesi mkononi.

Mwaka ambao Cicily alivuna vizuri tena, alimwalika baba yake. Mahindi yake sasa aliyapukuchua siku anayoyavuna, akayatia kwenye magunia na kuyapanga chumbani anamolala, kitanda kikisogezwa hadi dirishani. Salesio alishuka kwenye gari barabarani na kupanda njia ya uani polepole. Wajukuu walikuja kumpokea. Cicily alitoka jikoni akifuta mikono, akamsalimu kwa heshima, akamwuliza habari za mama. Kisha macho yake yakashuka kwenye fimbo.

"Ni ya mti gani, baba?"

"Muringa."

"Umeikausha?"

"Ndiyo."

Alinyoosha mkono, naye akampa. Cicily aliigeuza mwangani, akaitazama kutoka ncha hadi ncha, akapitisha kidole juu yake. Haikuwa na tundu hata moja. Hata hivyo aliipeleka nje ya lango na kuiegemeza kwenye ua, upande wa barabara, mbali na nyumba.

"Utaikuta hapo ukitoka," alisema. "Karibu ndani."

Salesio alisimama kidogo bila fimbo. Kisha akashika ukuta wa nyumba kwa mkono mmoja na kuufuata taratibu hadi mlangoni.